Unasafiri kwenda kumwasili mtoto? Tayarisha afya kabla ya sanduku

Chumba kimepakwa rangi mpya. Kitanda kidogo kimenunuliwa, na picha ya mtoto imebandikwa ukutani. Tikiti iko mkobani. Majirani wameanza kuuliza, "Mgeni anafika lini?" Nawe kila usiku unaitazama ile picha, unatabasamu, halafu unalala.

Msomaji, iwapo hali hii ni yako, pokea hongera zetu. Kumwasili mtoto, au kupanga mtoto kama wasemavyo wengi, ni jambo la heri. Hata hivyo, yafaa ukumbuke kwamba picha haikohoi, haiharishi, wala haiamki saa nane za usiku ikilia kwa lugha usiyoielewa. Mtoto utakayemkuta huko uendako atafanya hayo yote. Makala haya yanakueleza namna ya kujiandaa kiafya kumpokea mtoto huyo jinsi alivyo.

Watu wanaovuka mipaka kwa ajili ya mtoto si wa aina moja. Kuna Mkenya aliye Nairobi ambaye dada yake amefia Kampala na kuacha mtoto wa mwaka mmoja. Kuna mume na mke wanaoishi Ulaya au Marekani, waliojaribu kupata mtoto kwa miaka mingi bila mafanikio. Kuna pia mtu asiye na mwenzi, mwenye uwezo na moyo wa kulea. Safari zao hazifanani, lakini maswali ya afya wanayopaswa kuyauliza ni karibu yale yale.

Hakikisha mlango uko wazi

Kabla ya kwenda kuchanjwa, jua kwanza kama sheria inakuruhusu. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 ndio unaoongoza shughuli ya kuasili watoto kutoka nchi moja hadi nyingine. Kenya ilijiunga nao mwaka 2007. Mkataba huo unataka mtoto atafutiwe kwanza familia katika nchi yake mwenyewe, na unakataza mtu yeyote kujipatia faida isiyofaa kutokana na shughuli hii.

Katika miaka ya karibuni nchi kadhaa zimefunga au kukaza milango. Kenya ilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wake na wageni mwezi wa Novemba 2014. Ethiopia ilipiga marufuku mwezi wa Januari 2018. Uchina, ambayo kwa miaka mingi ilitoa watoto wengi, ilitangaza mwaka 2024 kwamba imekoma, isipokuwa kwa wageni wanaowaasili watoto wa jamaa zao wa karibu au watoto wa kambo. Nchini Uganda, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inamtaka mgeni awe ameishi nchini humo kwa muda wa mwaka mmoja, na awe amemlea mtoto huyo kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi, isipokuwa mahakama ilegeze masharti kwa sababu maalum.

Huenda ukauliza, mambo ya sheria yanahusu nini katika ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Mkataba wa The Hague unataka iandikwe ripoti ya mtoto inayoeleza asili yake, historia ya matibabu yake, na hata ya jamaa zake. Anayepitia mlango wa nyuma, kwa dalali aliyemwahidi mtoto upesi, huikosa ripoti hiyo au hupewa ya kubuni. Atampeleka mtoto hospitali siku atakapougua, na daktari atakapouliza, "Alizaliwa na uzito gani? Amewahi kuongezwa damu? Mama yake alikuwa na ugonjwa gani?" atabaki kuangalia chini. Kwa hivyo pitia kwa maafisa wa watoto, shirika lililosajiliwa, na mahakama. Hata mtoto akiwa ni wa dada yako wa tumbo moja, usimvushe mpaka kwa makubaliano ya mdomo tu.

Soma faili kabla ya kuamua

Ukishapewa faili ya mtoto, usilitazame jina na picha pekee. Omba nakala ya kila karatasi na uipeleke kwa daktari wa watoto kabla hujatia sahihi. Mambo haya yafaa yatafutwe:

Uzito, urefu na mzingo wa kichwa, pamoja na tarehe ambazo vipimo hivyo vilichukuliwa. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo vitatu au vinne vilivyochukuliwa kwa miezi tofauti humwonyesha daktari kama mtoto anapanda, amesimama, au anashuka. Kichwa kisichokua kinamtia daktari wasiwasi kuliko uzito mdogo, kwa kuwa huenda ubongo nao haukui vyema.

Habari za mama mzazi. Je, alihudhuria kliniki? Alipimwa kaswende, virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B? Alikuwa akinywa pombe wakati wa mimba? Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia?

Mambo ambayo mtoto anaweza kufanya. Anaketi bila kushikwa? Anatambaa? Anageuka akiitwa jina? Anamtazama mtu usoni? Maswali haya waulize walezi wanaomwogesha na kumlisha kila siku, maana mara nyingi wanajua mengi ambayo hayakuandikwa.

Usishtuke ukiambiwa kwamba mtoto ni mfupi kuliko wenzake wa umri wake. Madaktari wanaowahudumia watoto walioasiliwa wana kanuni yao: mtoto mdogo anayeishi katika makao makubwa yenye walezi wachache hupoteza takriban mwezi mmoja wa kukua kwa kila miezi mitatu anayokaa humo. Hii haitokani na uhaba wa chakula peke yake. Mtoto asiyebebwa, asiyesemeshwa na asiyechekewa hadumishi ukuaji wake hata akishiba. Habari njema ni kwamba wengi wao, wakishapata familia, hurefuka na kunenepa kwa haraka ya kushangaza katika mwaka wa kwanza.

Karatasi moja inayoweza kumnyima mtoto familia

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu hukiulizia kwanza, na ambacho wengi hawakielewi. Ni kipimo cha virusi vya Ukimwi.

Tuseme umeonyeshwa mtoto wa miezi saba. Moyo wako umempenda. Kisha unafungua faili na kukuta imeandikwa kwamba damu yake ilipimwa na kuonyesha dalili ya virusi. Watu wa nyumbani wanakushauri umwache utafute mwingine. Je, ufanye nini?

Kwanza, uliza ni kipimo gani kilichotumika. Kipimo cha kawaida hakitafuti virusi vyenyewe, bali hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ili kupigana na virusi. Mama mwenye virusi humpitishia mtoto askari hao akiwa tumboni, na wanaweza kubaki katika damu ya mtoto hadi afikie umri wa miezi 18. Kwa hivyo kipimo hicho kinapofanywa kwa mtoto wa miezi saba, kinaweza kuwa kinakueleza habari za mama yake. Ili kujua habari za mtoto mwenyewe, hapana budi afanyiwe kipimo kinachotafuta virusi, kiitwacho PCR, ambacho huweza kufanywa hata mtoto akiwa na umri wa wiki sita. Kama alikuwa akinyonya, kipimo hurudiwa baada ya kuachishwa ziwa.

Watoto waliozaliwa na mama wenye virusi, hasa mama waliomeza dawa vizuri wakati wa mimba, wengi wao hawaambukizwi. Itakuwa huzuni kubwa iwapo mtoto mzima wa afya atakosa mzazi kwa sababu mtu alisoma karatasi vibaya.

Na iwapo ni kweli ana virusi? Hilo nalo si mwisho wa safari. Mtoto anayeanzishiwa dawa mapema na kuzimeza bila kukosa hukua, husoma, huoa au huolewa, na huzaa watoto wasio na virusi. Hawezi kuwaambukiza nyumbani kwa kula pamoja, kuoga pamoja wala kukumbatiana. Swali utakaloliamua wewe ni kama unaweza kusimamia dawa za kila siku kwa miaka mingi. Ukijibu ndiyo, basi jibu ukiwa umeelewa. Ukijibu la, sema mapema, kabla mtoto hajaanza kukuita mama au baba.

Magonjwa mengine nayo yaangaliwe kwa makini hayo hayo. Homa ya ini aina ya B yafaa ipimwe, na kipimo kirudiwe baada ya miezi sita kwa kuwa maambukizi ya karibuni huweza kujificha. Kama mtoto anatoka sehemu za Ziwa Victoria, Pwani au Uganda, ambako malaria imekuwapo kwa vizazi vingi, apimwe ugonjwa wa selimundu, ambao aghalabu hauonyeshi dalili katika miezi ya kwanza ya maisha.

Nenda kliniki wewe mwenyewe

Watu wengi wakisikia habari ya matayarisho ya afya humfikiria mtoto tu. Lakini wewe ndiwe utakayepanda gari au ndege, ule chakula cha ugenini, ukose usingizi, kisha upokee mtoto aliyetoka mahali penye watoto wengi. Ukiugua huko, nani atamshika?

Muone daktari wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka, kwa sababu chanjo nyingine huhitaji muda ndipo zifanye kazi. Zungumzeni juu ya chanjo za surua, pepopunda, homa ya ini aina ya A na ya B, na homa ya matumbo. Kama unasafiri kati ya nchi zenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, utahitaji cheti cha chanjo hiyo. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote, kwa hivyo kile chako cha zamani usikitupe. Mtoto ambaye hajatimiza miezi tisa kwa kawaida hachanjwi chanjo ya homa ya manjano. Uliza mapema ubalozi na uwanja wa ndege wanataka barua gani kwa mtoto kama huyo, usije ukazuiwa mpakani.

Walio nyumbani nao wasisahauliwe. Mtoto mdogo anaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya A bila kuonekana mgonjwa, akamwambukiza mtu mzima anayembadilisha nepi, na mtu mzima ndiye huugua vibaya. Ndiyo sababu mwaka 2009 washauri wa chanjo nchini Marekani walipendekeza kwamba hata wale wasiosafiri, lakini watakaokaa karibu na mtoto aliyetoka nchi yenye ugonjwa huo, wachanjwe kabla hajafika. Vivyo hivyo kuhusu surua. Mwaka 2001 na tena mwaka 2004, surua ilisafiri hadi Marekani pamoja na watoto walioasiliwa kutoka Uchina. Basi hesabu kila mtu wa nyumba yako: watoto wengine, nyanya yao, na msichana wa kazi. Angalia kadi zao za kliniki.

Kama unameza dawa za shinikizo la damu, kisukari au pumu, beba za kutosha na ziada ya wiki mbili, uziweke katika mkoba wa mkononi. Shughuli za mahakama hazina haraka, nawe huenda ukakaa huko mara mbili ya siku ulizopanga.

Vitu vya kubeba

Nguo nzuri na vikaragosi vitanunuliwa baadaye. Vitu vitakavyokufaa katika siku za kwanza ni hivi: pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji mtoto akiharisha; kipimajoto; parasetamoli ya watoto, ukiwa umeandikiwa na daktari kiasi kinacholingana na uzito wake; sabuni; nepi; chandarua kama ni eneo la mbu; na daftari ndogo. Usimpe mtoto aspirini.

Upele ni jambo la kawaida mahali ambapo watoto wengi hulala pamoja. Muulize daktari dawa ya kupaka, na ujue kwamba ukimtibu mtoto peke yake bila kujitibu wewe na kufua matandiko, upele utarudi.

Lile daftari utaliandika nini? Andika yale walezi watakayokwambia. Anakula nini, saa ngapi, moto au baridi? Analala chali au kifudifudi, peke yake au na mwenziwe? Wanamwimbia nini? Wanamwita jina gani la utani? Maneno anayoyajua ya "maji", "chakula", "choo", "inauma" na "njoo" ni yapi? Jifunze maneno hayo kabla ya kuondoka naye. Mtoto wa miaka miwili anayesema Kiganda tu akiingizwa Nairobi katika nyumba ya Kiswahili na Kiingereza ni kama bubu wa ghafla. Neno moja la kwao, likisemwa na mtu mgeni, laweza kumtuliza kuliko peremende.

Omba pia kitu kimoja alichokizoea: shuka, kanga au nguo ya kulalia. Usikifue. Harufu yake ndiyo nyumba yake pekee anayoweza kubeba.

Siku za kwanza pamoja

Endelea na chakula alichokizoea, hata kama wewe unaona si bora. Badilisha polepole kwa muda wa wiki kadhaa. Maziwa mapya, maji mapya na uji mpya kwa siku moja humletea mtoto kuharisha. Ikiwa mtoto amedhoofika sana kwa kukosa lishe, usimjaze chakula kwa huruma. Mwili uliozoea njaa unaweza kudhurika vibaya ukilishwa kwingi ghafla. Mtoto kama huyo huanzishwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, chini ya uangalizi wa hospitali.

Ndani ya ndege, mnyonyeshe chupa au umpe kitu cha kumeza wakati wa kupaa na wa kutua, ili masikio yasimuume.

Kuhusu tabia, tarajia mojawapo ya mambo mawili. Huenda akalia bila kukoma, akakusukuma na kumtafuta mlezi wake. Hiyo si dharau. Ni dalili njema, kwani mtoto aliyempenda mtu mmoja anaweza kumpenda mwingine. Au huenda akanyamaza kabisa, asilie hata akianguka, na kumfuata mtu yeyote anayempungia mkono. Wageni watamsifu kwamba ni mpole na hana taabu. Wewe usidanganyike. Mara nyingi huyo ni mtoto aliyekwisha jifunza kwamba hata akilia hakuna ajaye. Kazi yako ni kumfunza upya, kwa kwenda kila anapolia, mchana na usiku.

Wengine huficha mkate chini ya mto au hula mpaka watapike. Usiwachape wala kuwacheka. Waonyeshe chakula kilipo, wahakikishie kwamba kesho kitakuwapo, na tabia hiyo kwa kawaida hupungua.

Jambo moja gumu kwetu Waafrika ni hili: acha sherehe kwanza. Jamaa watataka kuja na vigelegele, kila mmoja ambebe na kumlisha. Kwa wiki chache za mwanzo, waombe radhi. Mtoto anahitaji kujua ni nyuso zipi mbili tatu zinazomlisha, kumwogesha na kumlaza. Akiisha kujua hilo, sherehe ifanywe, tena kubwa.

Mkirudi nyumbani

Mpeleke mtoto kwa daktari ndani ya wiki mbili, hata kama anaonekana mzima. Akiwa na homa, pumzi ya shida, kuharisha damu au ulegevu, mpeleke siku hiyo hiyo. Homa yoyote kwa mtoto aliyetoka eneo la malaria ipimwe malaria kwanza, hata kama ninyi mnaishi mahali pa baridi kama Limuru.

Daktari atarudia vipimo vya damu, hata vile vilivyomo kwenye faili. Atapima wingi wa damu, virusi vya Ukimwi, kaswende, homa ya ini, na selimundu. Atapima choo, pengine mara tatu, kutafuta minyoo na vijidudu. Atachunguza macho na masikio, kwa kuwa mtoto anayeitwa mzito wa kuelewa wakati mwingine hasikii vizuri. Kifua kikuu kitapimwa sasa na kurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita, maana mwili uliodhoofika huweza kukosa kuonyesha jibu sahihi mara ya kwanza.

Kuhusu chanjo, linganisha kadi na mwili. Kovu la chanjo ya kifua kikuu lipo mkononi? Tarehe zinaaminika, au zote zimeandikwa kwa kalamu moja na siku moja? Nchini Kenya chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na 18. Kadi ikitiliwa shaka, daktari anaweza kuamua chanjo zirudiwe. Kwa kawaida kurudia chanjo hakuna madhara makubwa, lakini kukosa kabisa kuna hatari.

Muda nao ni dawa

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa uchungu nchini Romania. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwezi wa Desemba 1989, watoto wengi walikutwa wamejazana katika makao, wakilishwa kwa chupa zilizoegemezwa kitandani bila wa kuwabeba. Baadhi yao waliasiliwa Uingereza, na mtaalamu Michael Rutter pamoja na wenzake wakawafuatilia hadi utu uzima. Waliotolewa kabla ya kutimiza miezi sita waliendelea karibu sawa na watoto wengine. Waliokaa zaidi ya hapo, wengi wao walibaki na shida fulani za tabia, usikivu au mahusiano, ijapokuwa takriban mmoja kwa kila watano hakuonyesha tatizo lolote.

Katika mji wa Bucharest wenyewe, utafiti mwingine wa watoto 136, ulioanza mapema katika miaka ya 2000, ulionyesha kwamba waliopelekwa katika familia za kulea waliendelea vyema kuliko waliobaki makaoni, hasa waliotoka kabla ya kufikia umri wa miaka miwili hivi.

Yapo mafunzo mawili hapa. Kwanza, usichelewe kwa uzembe. Karatasi unayoiacha mezani mwezi mzima ni mwezi wa maisha ya mtoto. Pili, ukimpata mtoto aliyekwisha chelewa, usikate tamaa wala usitarajie kwamba mapenzi pekee yatatibu kila kitu. Tafuta msaada wa daktari, mshauri na mwalimu mapema.

Na afya ya moyo wako?

Jambo hili husemwa kwa nadra. Kuna wanaorudi na mtoto waliyemngoja miaka kumi, na badala ya furaha wakajikuta wanalia chooni. Wanaona aibu: "Mbona simpendi kama nilivyodhani?" Huzuni baada ya kuasili ni kitu halisi, na huwapata wanawake na wanaume. Uchovu, mtoto anayekusukuma, na majonzi ya zamani ya mimba zilizoharibika huweza kukutana wiki moja. Mapenzi hujengwa kwa kulisha, kuosha na kuamka usiku, na mara nyingi hufika baada ya miezi. Huzuni ikizidi wiki mbili, muone daktari au mshauri.

Omba mapumziko pia. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira iliyorekebishwa mwaka 2021 inampa mfanyakazi anayetaka kuasili mwezi mmoja wa likizo yenye mshahara kamili, kuanzia siku anayokabidhiwa mtoto. Mwajiri aarifiwe kwa maandishi siku 14 kabla. Wanaofanya kazi ng'ambo waulize sheria za huko.

Mwisho, ile faili na lile daftari viweke mahali salama pamoja na cheti cha mahakama. Siku moja mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na daktari atamuuliza kama kwao kuna kisukari au selimundu. Siku nyingine atakuuliza yeye mwenyewe alitoka wapi, na ni nani aliyemwimbia alale. Mweleze ukweli tangu angali mdogo, kwa maneno yanayolingana na umri wake, ili asije akausikia kwa jirani.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nawe msomaji, kazi hiyo inaanza leo, kabla hujafunga sanduku. Panga siku ya kumwona daktari, ukiwa na kadi yako ya chanjo na nakala ya faili ya mtoto.